Pimamaji

Tangi la kioo tulilinunua Barabara ya Pamba,
tukalilaza juu ya godoro kwenye mkokoteni,
na Kabula akatembea kando, kiganja juu yake,
kama anayemsindikiza mgonjwa Bugando.

La mbao alilitengeneza shemeji yangu Lubango,
fundi wa mitumbwi pale Mwaloni,
kwa plaiwudi iliyobaki kwenye kazi ya mtu mwingine.
Kipande kimoja tu cha kioo, mbele, cha kuchungulia.
Akapaka resini mara tatu, akapiga chafya, akasema:
"Mtumbwi huzuia maji yasiingie.
Huu nimeugeuza tu. Yasitoke."

Majirani wa Igogo walikuja kutazama.
"Mbao na maji, Nyamizi?
Unafuga samaki au unafuga kuvu?"
Wakajipanga mbele ya kioo,
sanduku wakalipa mgongo.

Nikaweka furu kotekote,
wale wadogo wa mawe ya Bwiru
ambao bibi yangu aliwajua kwa majina
na mimi nawajua kwa rangi tu.

Mwaka wa pili sanduku likatoka jasho kwenye kona,
tone,
tone,
nikatega bakuli, nikamwita Lubango,
akaja na silikoni, akalitukana, akaliziba.
Mwaka wa nne likaota kitambi.
Akalifunga mkanda wa mninga kiunoni.
Kila lilipoumwa, lilisema.

Kioo hakikusema neno.

Nyumba yetu imekaa juu ya jiwe,
na jiwe limekaa lipendavyo.
Meza ya kioo ilikuwa na mguu mmoja
uliokanyaga karatasi iliyokunjwa mara nne.
Unene wa ukucha, basi.
Mbao ingejinyoosha, ingejitafutia nafuu
kama mama kwenye benchi la kliniki.
Kioo hakijui kujigeuza.
Miaka mitano kilibeba upogo ule kimyakimya,
hata usiku mmoja wa Machi,
bila paka, bila mpira wa mtoto,
ta!
na lita mia mbili zikateremka ngazi za Igogo
zikiwapigia hodi wale wale majirani.

Tuliokota furu chini ya kitanda,
mmoja ndani ya kiatu cha shule cha Kabula.
Jike alikuwa juu ya saruji, mdomo ameufumba,
shavu limejaa wanawe.
Nikamtupa kwenye sanduku la mbao.
Hakutema hata mmoja.

Ningependa kuishia hapo,
mbao ishinde, Lubango anunuliwe soda.
Lakini mwaka wa tisa, nikisugua nyuma,
kucha yangu ikazama penye tundu la skrubu
taratibu, kama kwenye ugali wa moto.
Nje rangi ya bluu, safi, haina mkwaruzo.
Ndani uji mweusi, wa miaka.
Kumbe nalo lilikuwa na la kuficha.

Lubango alipachungulia kwa tochi ya simu.
"Hapa nilikuwa na haraka," akasema.
"Siku ile kulikuwa na mechi."

Sasa anaunda la tatu.
Uso wake ni kioo kile kile kilichotumwaga,
ubavu mmoja uliopona, nilioutunza nyuma ya kabati
bila kujua ninautunzia nini.
Kila tundu la skrubu analinywesha resini kwanza,
analipuliza, analinywesha tena.
Kabula, mrefu sasa kumshinda mjomba,
anauliza lipi litadumu zaidi.
Hajibiwi. Anapewa pimamaji ashike.

Tunapiga magoti watatu kwenye sakafu,
tukitazama kiputo kikihangaika ndani ya kijani chake,
kinakaribia katikati,
kinapita,
kinarudi.
Lubango anachukua patasi na kipande cha mbao.

Kwenye ndoo, kando ya mlango,
mjukuu wa yule jike yuko siku ya kumi na moja
hajala kitu,
mdomo ameufumba.